Rimu Nyepesi kwa Gari la Mbio: Ushauri kwa Madereva wa Pwani Kusini

Kijana wa Ukunda au Msambweni akishapata gari lake la kwanza lenye injini ya maana, liwe Subaru Impreza, Honda Civic ya zamani, Vitz RS au Mazda Demio, haipiti miezi mingi kabla hajaanza kuulizia rimu. Wengi huzitaka kwa ajili ya sura, na hilo halina ubaya. Makala hii ni ya wanaotaka zaidi ya sura: wale waliokwisha kulipeleka gari Whistling Morans kule Athi River, au waliotazama mashindano ya kupimana muda kwenye lami kama Kiamburing TT wakajiambia kwamba safari ijayo nao watakuwa kwenye mstari. Hao huulizia rimu nyepesi, na ndio wanaouziwa vibaya kuliko wote, kwa sababu siku hizi neno “nyepesi” hubandikwa kwenye rimu yoyote yenye spoki nyembamba na rangi ya shaba.

Ninalotaka kuwaambia ni kwamba rimu huchaguliwa kwa mpangilio. Kwanza, iwe na nguvu ya kulibeba gari lako katika kona kali bila kupasuka. Pili, ikae sawasawa kwenye kitovu na isiguse breki. Tatu, ichukue tairi unayoweza kuinunua tena na tena. Uzito ni wa nne. Anayeanza na uzito hununua seti mbili, na akikosa bahati ile ya kwanza humwacha pembeni mwa uwanja akiwa na spoki iliyokatika.

Uepesi unakupa nini hasa

Kwenye mazungumzo ya gereji utasikia kwamba kilo moja ikipunguzwa kwenye gurudumu ni sawa na kilo nne, tano, hata kumi zikitolewa kwenye bodi. Si kweli. Gari linapoongeza kasi, gurudumu hufanya kazi mbili kwa pamoja: linasonga mbele na gari, na linazunguka. Hata kama uzito wake wote ungekaa kwenye ukingo wa nje kabisa, kila kilo ingehesabika kama mbili, na hapo ndipo mwisho wake. Tairi, ambayo uzito wake mwingi uko karibu na lami, hukaribia hesabu hiyo. Rimu iko ndani zaidi, kwa hiyo kila kilo yake ni kama moja na nusu hivi.

Tupige hesabu. Rimu nyingi za kiwandani za inchi 17 zina kati ya kilo 9 na 11. Enkei RPF1 ya inchi 17 yenye upana wa 8 ina kilo 7 na kidogo. Ukitoa rimu ya kilo 9.5 ukaweka hiyo, umepunguza zaidi ya kilo 2 kila upande, yaani kama kilo 9 kwa gari zima. Zidisha kwa moja na nusu, unapata kilo 14. Kwa gari lenye kilo 1,400 pamoja na dereva, hiyo ni asilimia 1. Ukiteremsha tairi ya akiba, jeki na spika za buti kabla ya kuingia uwanjani, umepunguza zaidi ya hapo bila kutoa hata shilingi.

Kumbuka pia unakotoka na unakokwenda. Diani iko usawa wa bahari, na Athi River iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kule juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hukosa kama sehemu moja kati ya saba ya hewa iliyozoea kuvuta huku kwetu. Gari lililokuwa na haraka kwenye kipande cha Tiwi litakuwa zito Athi River, na hakuna rimu itakayolirudishia nguvu hiyo.

Faida ya kweli ya rimu nyepesi iko mahali pengine. Kila kona ya gari ina uzito usiobebwa na springi: rimu, tairi, diski, kalipa na kitovu. Kwa magari yetu madogo uzito huo huwa kiasi cha kilo 35 hadi 40 kila kona. Ukitoa 2 au 3, umepunguza asilimia 5 hadi 9, na hapo shokabsoba inapata nafuu. Gurudumu likipita juu ya kiraka cha lami au ukingo wa kona, linarudi chini mapema zaidi, na tairi inakaa ardhini muda mrefu zaidi. Utalihisi jambo hilo kwenye usukani na kwenye breki kabla ya kuliona kwenye saa. Kwa hiyo rimu nyepesi ni sehemu ya sasbensheni, na inafaa kununuliwa pale shokabsoba, bushi na beringi zikiwa nzima. Kuifunga kwenye gari lenye shokabsoba zinazovuja ni kutupa pesa.

Anza na tairi

Kabla ya kutazama rimu yoyote, jiulize ni tairi gani utakayovaa uwanjani na utaipata wapi ikiisha, maana tairi za mbio huisha haraka. Kipimo kinachopatikana kwa urahisi Mombasa na Nairobi kina thamani kuliko kile cha kuagizwa na kusubiriwa.

Kwa Vitz, Demio, Fit na Civic ya zamani, inchi 15 ndiyo nyumba yake. Rimu ni ndogo, tairi ni ndogo, na vyote viwili ni vyepesi. Kwa Impreza yenye turbo, inchi 16 au 17 inatosha, kutegemea ukubwa wa breki. Anayeweka inchi 18 kwenye gari la namna hii kwa ajili ya mbio ameongeza uzito mahali pabaya, kwa sababu rimu imekua na chuma kimesogea nje, mbali na kitovu. Mara nyingi rimu ya bei ya kawaida ya inchi 16 huwa nyepesi kuliko rimu ya bei kubwa ya inchi 18.

Ukubwa una upande mwingine unaotugusa sisi wa huku. Tairi ya 205/55R16 ina ubavu wa milimita 113. Ya 215/45R17 ina 97. Ya 225/40R18 ina 90. Ubavu huo ndio unaokinga rimu. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ina matuta kila penye soko na shule, na ukiiacha kuelekea ndani utakutana na changarawe na mawe yenye makali. Ubavu ukipungua, pigo lote linafika kwenye mdomo wa rimu.

Linganisha pia kipenyo kizima cha gurudumu. 205/55R16 ina milimita 632, 225/45R17 ina 634, na 215/45R17 ina 625. Zote tatu ziko karibu, kwa hiyo kipima mwendo na gia hazitaathirika sana. Usipite tofauti ya asilimia 2 au 3, na kwa gari la kuvuta magurudumu yote manne kama Subaru hakikisha tairi zote nne ni za aina moja na zimelika sawa, la sivyo gia ndiyo itakayoumia.

Vipimo visivyo na mjadala

Cha kwanza ni idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara lake. Impreza nyingi ni 5x100, lakini STI kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3. Vitz na Fit ni 4x100. Lancer Evolution ni 5x114.3. Muuzaji akikwambia kwamba 5x112 ya gari la Kijerumani “itaingia tu” kwenye 5x114.3, ondoka dukani. Tofauti ni milimita 2.3, na nati zitakubali kwa nguvu, lakini bolti zitakaa zimepinda kila siku, na siku ya joto na kona kali ndipo zitakapokatika.

Cha pili ni tundu la kati. Subaru ina milimita 56.1, Honda za matundu matano 64.1, Fit na Civic za zamani za matundu manne 56.1, Toyota nyingi ndogo 54.1, Nissan nyingi 66.1. Rimu zinazouzwa kwa magari ya kila aina huwa na tundu kubwa, mara nyingi 73.1, na pengo hilo huzibwa kwa pete. Pete za plastiki zinafaa kwa safari za sokoni. Uwanjani, breki zikichemka, plastiki hulainika. Nunua za aluminiamu, au mpe fundi wa mashine ya kukereza akutengenezee kwa kipimo chako. Bila pete, gurudumu huning’inia kwenye nati peke yake na usukani utatetemeka hata baada ya kubalansi mara tatu.

Cha tatu ni ofseti, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ofseti ni umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye kitovu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Chukua rimu ya kiwandani yenye upana wa inchi 7 na ofseti 55. Unataka kuweka ya upana wa 8 na ofseti 45. Inchi moja ya ziada ni milimita 25.4, kwa hiyo kila upande umepata 12.7. Ofseti imeshuka kwa 10, yaani gurudumu zima limesogea nje kwa milimita 10. Upande wa nje utatoka kwa 22.7. Upande wa ndani utaingia kwa 2.7 tu. Sasa chukua rula, piga magoti karibu na gari lako, pima nafasi iliyopo kati ya tairi na shokabsoba, kisha kati ya tairi na ukingo wa bodi. Dakika kumi za kupima zitakuokoa kwenye bodi iliyochanwa na tairi iliyonyolewa.

Usishuke ofseti kupita kiasi ili gari lionekane limepanuka. Kadiri gurudumu linavyotoka, ndivyo beringi inavyobeba mzigo kwa mkao usio wake na usukani unavyovutwa huku na huku unapofunga breki. Gari la mbio linalovutana na dereva halina faida.

Jambo la mwisho katika vipimo ni kalipa. Rimu mbili za inchi 17 zenye upana na ofseti sawa zinaweza kutofautiana: moja ikapita juu ya kalipa za Brembo na nyingine ikagusa, kwa sababu ya umbo la spoki. Kata kadibodi kwa umbo la nje la kalipa kuanzia kwenye uso wa kitovu, uende nayo dukani, uizungushe ndani ya rimu. Fundi akipendekeza kuisaga kalipa ili rimu iingie, mkatalie.

Ilivyotengenezwa ndiyo nguvu yake

Rimu za aluminiamu huja kwa njia tatu. Ya kwanza ni kusubu: aluminiamu iliyoyeyuka humiminwa kwenye kalibu ikagandia humo. Ndiyo njia rahisi, na rimu nyingi za kiwandani ni za aina hii. Zina nguvu kwa sababu zimepewa unene, na unene ni uzito. Ya pili ni kusubu na kisha kuviringisha pipa la rimu likiwa na joto hadi chuma chake kishikamane na kuwa chembamba. Enkei wanaiita njia yao MAT, na RPF1 ni mfano wake mzuri. Ya tatu ni kufua: bonge la aluminiamu hukandamizwa kwa shinikizo kubwa sana, kisha likachongwa. Hiyo ndiyo njia ya RAYS katika Volk Racing TE37, iliyotoka mwaka 1996. Rimu yake ya inchi 15 kwa upana wa 6 ilikuwa na kilo 3.7, na ndiko ilikotoka namba 37.

Kwa anayeanza, hiyo njia ya pili ndiyo yenye mizani nzuri kati ya bei, nguvu na uepesi. Rimu ya kufua ni bora, na faida yake kubwa ni kwamba ikipigwa mara nyingi hupinda kabla ya kupasuka. Rimu ya kusubu ikipigwa vibaya hupasuka, na dereva hapewi onyo.

Sasa kuna kopi. TE37 ni miongoni mwa rimu zilizoigwa sana duniani, na maduka yetu hayakosi mfano wake. Kopi husubiwa, nyingine kwa aluminiamu duni yenye mapovu ndani, kisha hupewa spoki nyembamba za rimu ya kufua. Kwa hiyo hupati uepesi wala nguvu. Ninawasihi vijana wa huku: kopi hiyo haifai hata kidogo kuingia uwanjani. Kama huna pesa ya rimu ya asili ya inchi 17, tafuta ya asili ya inchi 15 au 16 iliyotumika, au ubaki na za kiwandani hadi utakapoweza. Rimu nzima ya kiwandani, iwe nzito namna gani, ni rafiki mwema kuliko kopi.

Tazama alama nyuma ya spoki au ndani ya pipa. JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi za magari ya abiria, chenye majaribio ya kupindwa huku ikizunguka, kuviringishwa chini ya mzigo, na kugongwa kwa kishindo. Alama hiyo mtengenezaji hujiwekea mwenyewe. VIA huonyesha kwamba rimu imesajiliwa na chombo kilicho nje ya kiwanda. Tafuta pia mzigo ambao rimu imeruhusiwa kubeba, kama umeandikwa. Chukua uzito wa juu wa ekseli ya gari lako, ugawe kwa mbili. Rimu isiyofikia hapo haifai, na ikizidi ni vyema zaidi. Alama zinaweza kughushiwa, kwa hiyo zisiwe ushahidi wako wa pekee.

Ushahidi usioghushika ni mizani. Ile mizani ya kuning’iniza ya wauza samaki, inayopatikana Gazi, Msambweni na kila penye mashua, inapima hadi kilo 20 au zaidi bila shida. Iazime. Tundika rimu tupu, bila tairi, usome. Kisha linganisha na uzito uliochapishwa na mtengenezaji kwa kipimo hichohicho. Tofauti ya gramu mia mbili au tatu ni ya kawaida. Rimu inayotakiwa kuwa na kilo 7 ikisoma 9, umepata jibu lako, na muuzaji naye amelipata.

Kukagua rimu iliyotumika

Rimu nyingi nzuri tutakazozipata zimetoka Japani zikiwa zimetumika. Hilo si tatizo. Tatizo ni kutozikagua kwa sababu zimepakwa rangi mpya. Rangi mpya kwenye rimu ya zamani ni sababu ya kuongeza umakini, kwa kuwa ufa hufichwa vizuri chini yake.

Anza kwa kuizungusha kwenye mashine ya kubalansi bila tairi. Tazama midomo yote miwili, wa nje na hasa wa ndani, kwa sababu wa ndani ndio unaopigwa na mashimo na hauonekani gari likiwa limesimama. Kubonyea kidogo kwa mdomo wa ndani kunaweza kunyooshwa na fundi anayejua kazi. Spoki iliyopinda hainyooshwi.

Kisha tafuta nyufa. Kuna njia ya zamani ya mafundi wa chuma ambayo haihitaji kifaa cha kununua nje. Osha rimu kwa sabuni hadi iwe safi kabisa, ikauke. Paka mafuta ya taa kwa brashi mahali spoki zinapokutana na pipa, kuzunguka matundu ya nati, na ndani ya pipa. Acha robo saa ili mafuta yapenye. Pangusa kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki unyevu wowote. Sasa saga chaki nyeupe, unyunyize unga wake pale ulipopaka, usubiri. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yatapanda juu na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki, wakati mwingine mfupi kama ukucha. Mstari huo ukikaa karibu na tundu la nati au shina la spoki, rimu hiyo imekwisha. Usikubali maneno ya kuchomelewa. Joto la kuchomelea huilainisha aluminiamu iliyo pembeni ya ufa, na rimu itakatika hatua moja kando ya mshono.

Njia hiyo hukamata nyufa zilizofika juu ya uso. Rimu za gharama kubwa zinastahili kupelekwa kwa wenye vifaa vya kupima kwa rangi ya kupenyeza. Na uwe na desturi ya kurudia ukaguzi wa chaki kila baada ya siku ya mbio.

Chumvi ya bahari

Hewa ya Diani ina chumvi, na chumvi haina huruma na aloi. Rimu za magnesiamu ni nyepesi kuliko za aluminiamu, maana magnesiamu ina theluthi mbili tu ya uzito wa aluminiamu kwa ujazo uleule. Lakini ni metali inayoliwa na chumvi upesi, na rangi ikichubuka tu kazi imeanza. Kwa gari linalolala mita mia chache kutoka baharini, ziache. Vilevile epuka rimu za aluminiamu ambazo uso wake umekatwa kwa mashine ukang’arishwa na kufunikwa kwa vanishi tu. Jiwe dogo likipasua vanishi, chumvi huingia chini yake na kutambaa kama minyoo myeupe. Rimu iliyopakwa rangi kamili hudumu zaidi.

Osha rimu kwa maji matamu kila wiki, na upande wa ndani usisahaulike. Zikitolewa kwenye gari, ziwekwe ndani, juu ya mbao, mbali na upepo wa bahari. Aluminiamu ikikaa muda mrefu kwenye kitovu cha chuma huku chumvi ikiwa katikati, hugandana, na siku ya pancha utapiga teke mpaka uchoke. Sugua kitovu kwa brashi ya waya, paka grisi ya kuzuia kugandana kwa kiasi kidogo sana kwenye duara la kitovu, na usiifikishe kwenye bolti wala kwenye diski.

Anayetaka kubadilisha rangi kwa ile ya unga inayookwa kwenye tanuri aulize kiwango cha joto na muda. Tanuri hizo hufika kama digrii 200, na aluminiamu iliyotiwa nguvu kwa joto inaweza kuzipoteza nguvu hizo ikiokwa kupita kiasi. Kwa rimu za mbio, rangi ya kupuliza ya kawaida ni salama zaidi.

Nati na kufunga

Rimu nzuri yenye nati mbaya ni rimu mbaya. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi hutumia nati za M12x1.5, Subaru na Nissan nyingi ni M12x1.25. Zinafanana kwa macho, na ukilazimisha moja kwenye nyingine utaharibu bolti. Umbo la kiti nalo lazima lilingane. Nati za kiwandani za Honda zina kichwa cha duara, na Toyota nyingi zenye rimu za aloi hutumia nati zenye washa bapa. Rimu nyingi za dukani zina kiti cha mwinamo wa digrii 60. Ukifunga nati isiyo yake, itagusa mahali padogo tu na italegea. Nunua nati za chuma. Za aluminiamu za rangi rangi ni za maonyesho.

Funga kwa spana ya toki, ile inayolia ikifikia kipimo, gari likiwa limeshuka kidogo na nati zikifuatana kwa umbo la nyota. Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103, Honda Nm 108. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Usimruhusu fundi wa pancha amalizie kwa mashine ya hewa. Kagua tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na uwanjani kagua baada ya kila mzunguko wa mbio, gurudumu likiwa limepoa.

Seti mbili na safari ya kwenda

Kutoka Diani hadi Athi River ni karibu kilomita 500. Barabara ya Dongo Kundu imetuondolea foleni ya feri, lakini baada ya Miritini kuna malori, vipande vya tairi vilivyotapakaa na kingo za lami zilizokatika, kutoka Mariakani hadi Emali. Usizipeleke rimu zako nyepesi huko zikiwa chini ya gari. Nenda na za kiwandani na tairi za kawaida, na seti ya mbio ikae nyuma ya viti. Hapo ndipo inchi 15 au 16 inapokulipa tena, kwa sababu magurudumu manne yanaingia kwenye gari dogo viti vya nyuma vikilazwa. Funga jeki nzuri na spana yako ya toki.

Ukifika, pima upepo upya. Uliojaza Diani alasiri utasoma tofauti Athi River. Mwinuko hufanya geji isome juu kwa zaidi ya pauni 2, na ubaridi wa asubuhi hushusha karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo alfajiri utadhani hakuna kilichobadilika. Jua likipanda na tairi zikichemka, namba itaruka. Andika usomaji wa kila mzunguko ili ujue pa kuanzia safari nyingine.

Na mbio zibaki uwanjani. Barabara ya Dongo Kundu na kipande cha Ukunda kwenda Msambweni vina bodaboda, mbuzi na watoto wa shule. Kenya Motor Sports Federation ina utaratibu wake, wakaguzi wake na gari la wagonjwa uwanjani. Rimu bora kabisa haitamwokoa mtu anayekimbiza gari usiku mbele ya soko la Kombani.

Pesa itangulie wapi

Ukiwa na bajeti ndogo, ipange hivi. Anza na mafuta mapya ya breki na pedi zinazostahimili joto. Shuka mlima kutoka Kwale mjini hadi Kombani kwa mwendo halali, na pedali ikilainika kabla hujafika chini, gari lako bado halijawa tayari kwa uwanja. Fuata na shokabsoba, bushi na beringi. Kisha tairi nzuri juu ya rimu za kiwandani, na siku kadhaa za kujifunza kuendesha. Ndipo ununue rimu nyepesi: ndogo, za asili, zilizokaguliwa kwa chaki na mizani, zikiwa na pete za aluminiamu na nati zake. Ukifika hapo utakuwa umekwisha kulijua gari lako vya kutosha kuhisi zile kilo 2 zilizotoka kila kona, na pesa yako itakuwa imefanya kazi uliyoituma.